Ilhamu ya Mchoraji na Kazi ya Mkono Wake

Mchoraji akiulizwa, "Picha hii umeitoa wapi?" aghalabu hujibu kwa maneno machache, na maneno hayo mara nyingi hayamtoshelezi muulizaji. Mmoja husema aliiona ndotoni. Wa pili husema aliikumbuka. Wa tatu hucheka akasema kwamba mkono wake ndio uliojua. Kwa sababu hiyo watu wengi wameamini kuwa ilhamu ni kama mvua ya masika: humnyea aliyechaguliwa, na asiyechaguliwa hubaki mkavu hata akitandaza vyombo vyake vyote uani. Imani hiyo ni tamu kwa mchoraji, kwa kuwa humtukuza. Lakini ina madhara makubwa kwa mwanafunzi, kwa kuwa humkatisha tamaa kabla hajashika brashi.

Katika insha hii nataka, msomaji, tuyapime maneno ya wachoraji wa Afrika ya Mashariki kwa kazi zao wenyewe. Kazi ya mhakiki si kumkadhibisha msanii, wala si kuyapokea yote asemayo kana kwamba ni hukumu ya kadhi. Msanii ni shahidi wa kwanza. Picha yake ni shahidi wa pili. Mashahidi hawa wakipatana, tunapata ukweli ulio thabiti. Wakipingana, ni wajibu wetu kuuliza kwa nini.

Tuanze na wale wasemao kwamba ilhamu ni kumbukumbu. Mwaka wa 1937 bibi mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, alianza madarasa ya uchoraji huko Makerere, Uganda. Hakupenda kuwawekea wanafunzi wake chungu au maua mezani ili wayanakili. Aliwasimulia tukio la maisha waliyoyajua, kama vile kazi ya shambani au safari ya kwenda kisimani, kisha akawataka waione kwanza picha hiyo kwa macho ya moyo ndipo waichore. Alichelea kwamba kanuni za Ulaya zikija mapema mno zingezima macho yao.

Mwanafunzi aliyeionyesha vyema njia hiyo ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Alisoma London baadaye, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961 akawa balozi wake katika mji huohuo. Lakini katikati ya majumba ya London moyo wake ulibaki migombani. Mwaka wa 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, na picha hiyo ikanunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Watu wake hawana sura za kutambulikana mmoja mmoja. Ni watu wa pamoja, wanaolima pamoja, wanaovuna pamoja na kusherehekea pamoja.

Hapa shahidi wa kwanza na wa pili wanapatana: Ntiro alichora kwa kumbukumbu, na picha zake zina utulivu wa jambo lililokumbukwa. Hata hivyo yafaa tuseme na upungufu wake. Kumbukumbu ni chungio: hupitisha apendacho mtu na kuzuia kilichomuudhi. Kijiji cha Ntiro hakina ugomvi wa mipaka, wala mtoza kodi, wala kijana anayetaka kuondoka. Tena tusisahau kwamba mwanafunzi wa Makerere alikumbuka kijiji kwa kuwa mwalimu wake alimsimulia kijiji. Hata ile ilhamu iitwayo ya ndani ilikuwa na mtu aliyeigongea mlango.

Wa pili ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka wa 1932, naye pia mwanafunzi wa Trowell. Huyu alifahamika kwa mafundisho makali kuliko wenzake: alikataza kuiga, akafundisha kwamba anayeiga humlaza Mungu usingizi. Mwaka wa 1965 yeye na wenzake walianzisha Nairobi nyumba ya sanaa waliyoiita Paa ya Paa. Jina hilo limechezea neno kwa werevu, maana paa ni mnyama wa mwituni, na kupaa ni kwenda juu. Moto uliiharibu vibaya nyumba hiyo mwaka wa 1997, lakini mafundisho yale hayakuungua.

Je, kazi yake yathibitisha maneno yake? Ukishika njia ya kutoka Ruiru kupita Thika hadi Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall zamani za ukoloni, utafika katika kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, na ukutani mwake Njau alichora picha tano kubwa katika miaka ya mwisho ya 1950: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane na kusulubiwa. Yesu wa picha hizo ni mtu mweusi, na nchi inayomzunguka ni nchi ya vilima ya Wakikuyu.

Fikiri, msomaji, juu ya tano hizo. Visa vyenyewe havikubuniwa na Njau. Wachoraji wa Italia walikwisha kuvichora mamia ya miaka kabla yake, na kila aliyevichora alivipokea kwa aliyemtangulia. Basi Njau aliazima kisa. Asichoazima ni macho. Alijiuliza swali ambalo wachoraji wa Italia wasingeweza kumjibia: kama haya yangetukia hapa, katika nchi iliyotoka kumwaga damu, yangeonekanaje? Ukutani mbele ya wajane na mayatima, swali hilo halikuwa la mchezo. Kwa hiyo nasema kwamba fundisho lake ni la kweli, ila linataka kufahamika vizuri. Kuazima si kuiga. Anayeazima hurudisha kitu pamoja na kilichozaliwa. Anayeiga hurudisha kilekile, tena kikiwa kimechakaa.

Wa tatu ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka wa 1928. Alisoma Makerere tangu mwaka wa 1950 hadi 1952, naye huhesabiwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ile ya sanaa. Kisha akawa mwalimu, na kwa miaka mingi chaki na madaftari vilimnyima nafasi ya kazi yake mwenyewe. Aliporudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, rangi zilikuwa ghali kupita uwezo wake. Akachukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazikatakata vipande vidogovidogo, akavibandika mpaka vikawa wanyama, wanawake na mashamba. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Alifariki mwaka wa 2021.

Kuna wasemao kwa wepesi kwamba umaskini ndio uliomletea ilhamu. Usiwaamini. Umaskini ulimnyima rangi, basi; haukumpa kitu. Kilichomsaidia ni mafunzo ya miaka miwili na macho ya miaka thelathini na zaidi. Mtu asiye na macho hayo angeiona karatasi ya sabuni akaitupa jalalani. Lakini ni kweli pia kwamba karatasi ilimwamuru jambo. Kipande kilichokatwa hakiwezi kufifizwa kama rangi ya maji. Kina ukingo, na ukingo huo humtaka msanii aamue mahali kivuli kinapoanza. Ndiyo maana kazi zake zina uthabiti wa kitu kilichojengwa.

Mlinganishe na Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984. Yeye huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, nguo ya gome la mti lipondwalo Uganda. Lubugo ina matundu na mishono, na mchoraji hana budi kuipisha kasoro au kuifanya sehemu ya picha. Karuga alisukumwa na haja, Armitage alichagua. Lakini wote wawili wanatufundisha jambo moja, kwamba kifaa si mtumwa wa wazo. Wazo huingia kazini likiwa moja, na hutoka likiwa jingine baada ya kushindana na kifaa.

Sasa tufike kwa mtu anayetutia mashakani zaidi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alihamia Dar es Salaam, akafanya vibarua vya namna nyingi, na mnamo mwaka wa 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao za dari kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, zile zipakwazo baiskeli. Hakuna aliyemfundisha Makerere. Wanunuzi wakaja, naye akawaita jamaa zake awafundishe. Mwaka wa 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Jamaa na wanafunzi wake wakaendelea kuchora kwa namna yake, na mwaka wa 1990 wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake.

Je, hao walimlaza Mungu usingizi? Wengi wao walichora chui yuleyule na ndege walewale mara nyingi kupita idadi, kwa kuwa mnunuzi alitaka picha kama ile aliyoiona kwa rafiki yake. Mhakiki mkali atasema kuwa hiyo si sanaa bali ni biashara. Mimi sikubali hukumu hiyo yote. Kwanza, ni vigumu kumlaumu mzazi anayechora chui wa kumi ili mtoto wake alipiwe karo. Pili, namna hiyohiyo ya kurithishana ndiyo iliyohifadhi ususi na uchongaji wa milango ya Lamu. Lakini nakubali nusu ya hukumu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Chui wa Tingatinga alikuwa na mshangao wa mtu anayejaribu jambo kwa mara ya kwanza. Chui wa mia, akichorwa na mkono uliokwisha kuacha kutazama, hubakiwa na madoa tu. Tofauti haiko katika kurudia. Iko katika kuacha kutazama wakati wa kurudia.

Neno hili halihusu Dar es Salaam peke yake. Pita Kamakis, pale barabara ya Eastern Bypass inapoukaribia mji wa Ruiru, mahali panapojulikana sana kwa nyama choma. Kuta na mabango ya mahali kama pale ni maonyesho ya sanaa yasiyotozwa kiingilio. Mchoraji wa mabango hupiga mistari kwa kamba yenye chaki, huigawa picha ndogo katika miraba, kisha huihamisha ukutani mraba kwa mraba. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu huyo hangoji ilhamu. Hungoja malipo ya awali. Hata hivyo usimdharau, maana ustadi wa mkono wake ni ule ambao kila mchoraji mkubwa aliupitia.

Ili uweze kumhukumu kwa haki, yeye na mwingine yeyote, nakupa maswali matatu. La kwanza: ni kitu gani ambacho mchoraji huyu amekitazama kwa macho yake mwenyewe? La pili: alichokiazima kwa wengine, amekiongezea nini? La tatu: kama angepewa vifaa vingine, je, picha ingekuwa ileile? Picha inayojibu vizuri maswali mawili kati ya hayo ni picha njema. Inayojibu yote matatu, usiipite haraka.

Nasi walimu tuna sehemu yetu ya lawama. Mara nyingi mwanafunzi aliyenakili picha ya simu kwa usafi hupewa alama nyingi, na yule aliyejaribu kumchora nyanya yake akaharibu mikono yake hupewa chache. Kwa kufanya hivyo tunamfundisha wa kwanza kwamba kutazama si kazi, na tunamfundisha wa pili kwamba hana kipaji. Mmoja amedanganywa na mwingine amedhulumiwa.

Basi, msomaji, usingoje mvua. Chukua daftari na kalamu ya risasi, uende mahali mbuzi walipofungwa. Mbuzi wa ukutani aghalabu huchorwa na mboni ya mviringo kama ya mtu. Mbuzi aliye hai ana mboni ya mlazo, nyembamba kama tundu la kutilia sarafu, na mwanga ukipungua mboni hiyo hupanuka. Mchore mara ya kwanza, utakosea. Mchore tena kesho. Siku utakapoichora mboni ile kwa sababu umeiona, na si kwa sababu nimekuambia, utakuwa umejua juu ya ilhamu jambo ambalo insha hii haiwezi kukupa.