Cheti cha Akiba: Walimu Wawili wa Muziki Katika Picha Mbili

Kila anayetaka kuwa mwandishi amewahi kuambiwa na mama, mjomba au shangazi: sawa mwanangu, andika, lakini kwanza chukua cheti cha ualimu, hayo ya vitabu yakikushinda uwe na pa kushika. Cheti cha akiba. Glenn Holland, stelingi wa picha ya Mr. Holland's Opus (1995), anacho cha namna hiyohiyo. Ni mpiga piano na mtunzi, ana simfoni kichwani, na mwaka 1965 anaingia kufundisha sekondari moja kule Portland, Oregon, Marekani, akiwa na hesabu nyepesi: mchana afundishe muziki apate mshahara, jioni atunge. Katika hesabu hiyo wanafunzi hawamo.

Nimeirudia picha hii mara tatu mwaka huu, na kila mara nikaifuatisha na nyingine, Whiplash ya mwaka 2014. Sababu ni mshikaji wetu mmoja wa kijiweni. Jamaa ana digrii ya muziki, tarumbeta anaipiga ile mbaya, na sasa anataka kwenda kusoma shahada ya uzamili. Si ya upigaji, ya kufundisha muziki. Kijiwe kizima kikacheka. Eti miaka mingine ya kujifunza jinsi ya kuwafundisha watoto do re mi? Si unajua kupiga tayari, wafundishe basi! Na ushahidi wa wachekaji ulikuwa ni picha hizi mbili. Mmoja akasema mwalimu anazaliwa, mtazame Holland. Mwingine akasema mwalimu ni ukali, mtazame yule mzee kipara wa Whiplash. Hakuna aliyesema kwamba mwalimu anasoma. Nikaona basi tuziulize picha zenyewe.

Tuanze na dramu, kwa kuwa picha zote mbili zina kijana wa dramu mwenye tatizo moja: mdundo.

Kwa Holland kijana huyo ni Louis Russ, anaigizwa na Terrence Howard. Ni mchezaji wa timu ya shule, kaingizwa kwenye bendi ili asipungukiwe masomo, na mdundo hauoni hata ukimwekea mezani. Holland anataka kumwachia njiani. Kocha, rafiki yake, anambana: kama kijana ana nia na wewe huwezi kumfundisha, basi ualimu wako una walakini. Hapo Holland anaanza kuhangaika. Anamgongesha mguu, anamtembeza, anamvika helmeti ya mpira wa Kimarekani na kumgongea mapigo juu yake, mpaka siku moja Louis anaupata. Ndiyo sehemu tamu kupita zote katika picha hii, na inapita upesi mno.

Kwa Whiplash kijana ni Andrew Neiman, mwanafunzi wa chuo cha muziki huko New York, chuo cha kubuni. Mwalimu ni Fletcher, na J.K. Simmons alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza. Fletcher anasimamisha bendi, anamwambia Andrew hayuko kwenye mwendo, anamrushia kiti. Halafu anamwamuru ahesabu nne kwa sauti, na kila akifika mahali anamzaba kibao, kisha anamuuliza: hicho kibao kilikuja mapema au kilichelewa?

Msomaji, ziweke sehemu hizo mbili sambamba. Walimu wote wawili wanapiga mdundo juu ya mwili wa mwanafunzi! Mmoja kwenye helmeti, mwingine kwenye shavu. Ila wa kwanza anatafuta njia ambayo mdundo utaingilia, wa pili anauliza swali na hampi kijana chombo cha kulijibia. Andrew anatoka pale analia, na kuhusu mwendo hajaongezewa kitu. Anachojifunza ni kumwogopa Fletcher, akaenda kupiga dramu peke yake mpaka mikono ikavuja damu. Hapo nani kamfundisha nani?

Sasa tuje kwenye kile ambacho picha zote mbili zimekificha. Ule mkanganyiko wa Holland, wa mguu na helmeti, kuna watu waliufanyia kazi maisha yao yote. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki Geneva, aliona mwishoni mwa karne ya 19 kwamba wanafunzi wake wanapiga vyombo kwa ufundi lakini mdundo hawausikii ndani yao. Akawanyanyua kwenye viti, akawatembeza, wakaanza kuujua mdundo kwa miguu kabla ya vidole. Holland alihitaji wiki za kubahatisha, na kelele za kocha, ili aguse mlango ambao Dalcroze alikuwa ameshaufungua zamani. Wanaosoma shahada ya kufundisha muziki hukutana na mambo haya darasani, wakiwa bado hawajamharibia mtoto wa mtu.

Hata hiyo do re mi iliyochekwa kijiweni ina wenyewe. Wale wa kwaya mnaijua ile karatasi ya nota za herufi, d, r, m, yenye nukta mbili na mistari ya kusimama. Ile ni tonik solfa. Ilianzia Uingereza kwa mwalimu wa kike aitwaye Sarah Glover, kisha karne ya 19 John Curwen akaipanga na kuieneza, na wamisionari wakaileta huku kwetu. Mhungaria Zoltán Kodály akaichukua na kuiunganisha na nyimbo za watoto za lugha yao wenyewe: mtoto aanze na sauti yake na wimbo wa nyumbani, mengine yafuate. Yaani kitu ambacho mwalimu wa kwaya mtaani anakifanya kila jioni, na sisi tukipita nje tunasema anapiga kelele, kimejengewa elimu kamili.

Holland naye, kwa kubahatisha, anafanya lililo karibu na hilo. Darasa limelala, anakaa kwenye piano na kuwapigia wimbo wa redioni wanaoupenda, kisha anawaonyesha kwamba umetoka kwenye minueti ya Bach. (Wajuzi wanasema minueti hiyo si ya Bach hata, ni ya Christian Petzold, lakini tuliache.) Watoto wanaamka. Ametoka kwenye wanachokijua kwenda kwenye wasichokijua. Laiti picha ingekaa hapo, ituonyeshe siku ya pili yake, na ya tatu, njia hiyo inapogoma! Inakimbilia sherehe.

Whiplash haikimbilii sherehe, na kama picha ndiyo bora zaidi. Imekatwa vizuri, inabana pumzi. Lakini ina uongo mmoja mkubwa, na Fletcher ndiye anayeuuza. Anasimulia kwamba Charlie Parker alikuwa Parker kwa sababu Jo Jones alimrushia toazi kichwani akiwa kijana. Kisa kinachojulikana si hicho. Kule Kansas City, katika miaka ya 1930, Jones aliliangusha toazi sakafuni, miguuni pa Parker, kumwambia ashuke jukwaani. Ni aibu, ila si kuuawa. Na kilichofuata Fletcher hakisemi: majira ya joto ya mwaka 1937 Parker alikwenda na bendi huko milima ya Ozark, akafanya mazoezi, na wapigaji waliomtangulia wakamfundisha mambo ya kodi. Walikuwepo walimu. Toazi ndilo limebaki kwenye hadithi kwa kuwa linalia kwa sauti kubwa.

Picha yenyewe inajua. Ndani yake kuna mwanafunzi wa zamani wa Fletcher, Sean Casey. Fletcher anaiambia bendi, machozi yakimlenga, kwamba kijana huyo amekufa kwa ajali ya gari. Baadaye tunaambiwa alijinyonga, baada ya kuteseka moyoni tangu enzi za chuo. Halafu picha inamsahau, inatupeleka kwenye dramu ya mwisho, na sisi watazamaji nasi tunamsahau. Nimewauliza wengi waliotazama Whiplash. Kiti wanakikumbuka wote, Sean Casey hakuna.

Kwa hiyo niko upande wa tarumbeta. Aende akasome. Mpiga tarumbeta akienda kufundisha bendi ya shule atakuta klarineti, filimbi, dramu, na mtoto wa kila chombo anataka kujua vidole viwekwe wapi. Kwa hiyo wanaosomea ualimu huo hukaa tena kama watoto, wanajifunza vyombo wasivyovijua mpaka wakumbuke ugumu wa kutojua. Wanafundisha huku mwenzao mzoefu amekaa nyuma anaandika. Holland alikaa miaka 30 na nyuma ya darasa lake tunawaona wakuu wa shule tu, wakija kumkaripia.

Na ugomvi wangu mkubwa na Mr. Holland's Opus uko mwishoni. Mwaka 1995 shule inafuta somo la muziki kwa kukosa fedha, Holland anapoteza kazi. (Michael Kamen, aliyetunga muziki wa picha, mwaka 1996 alianzisha mfuko wa kuzipa shule vyombo, jambo la heshima.) Anaingizwa ukumbini, anakuta wanafunzi wake wa miaka yote. Gertrude Lang, yule binti wa klarineti aliyekuwa akilia kwa kushindwa, sasa ni gavana. Wanasema wao ndio simfoni yake. Maneno mazuri. Kisha wanamkabidhi kijiti aongoze simfoni yake halisi, ile ya kwenye karatasi. Kumbe ualimu peke yake haukutosha! Ilibidi awe mtunzi dakika za mwisho ndipo tulie.

Tena fikiri kidogo. Simfoni mpya, haijawahi kupigwa. Wapigaji ni watu wazima, wengine vyombo vyao vilishaota vumbi. Gavana anakaa kwenye kiti chake cha klarineti, anapiga, na wote wanaingia pamoja. Basi kuna mtu alinakili nota za kila chombo, akawaita jioni kadhaa kwa siri, akasimama mbele yao akiwarudisha mwanzo, akawaambia klarineti subirini, dramu punguza. Picha haimwonyeshi hata mgongo.