Haki ya Anayechorwa Kujibu: Vibonzo, Jamii na Mitandao ya Kijamii, Vikitazamwa Kutoka Kanzenze, Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna wachora vibonzo wa Afrika Mashariki wanavyoihudumia jamii yao na nafasi ya mitandao ya kijamii katika huduma hiyo. Mifano mikuu ni jarida la Shujaaz la Kenya na kazi ya Nathan Mpangala wa Tanzania. Mahali pa kuitazamia mifano hiyo ni Kanzenze, wilayani Rubavu, Rwanda, ambako wenyeji na wakimbizi kutoka Kongo wanaishi jirani, na ambako picha iliyochapishwa ina historia chungu. Hoja ya makala ni kwamba kibonzo huifaa jamii pale anayechorwa anapoweza kujibu, na jibu lake likakibadilisha kisanduku kinachofuata. Kuenea kwa kibonzo ni jambo jingine.

Jeraha la picha

Kanzenze ni sekta ya wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, si mbali na mji wa Gisenyi na mpaka wa Goma. Ndiko iliko kambi ya muda ya Nkamira, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2022 imepokea wakimbizi wa vita vya Kivu Kaskazini. Wengi wao wanazungumza Kinyarwanda, na wengi pia wana Kiswahili cha Kivu. Mwenyeji na mgeni wanakutana sokoni na kwenye foleni ya maji. Wanakutana pia ndani ya simu, ambamo habari za upande wa pili wa mpaka huingia kwa saa zote, za kweli na za uongo, nyingi zikiwa picha.

Anayezungumzia faida ya vibonzo mahali kama hapo hana budi kuanza na madhara yake. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoanza kutoka mwaka 1990, alikuwa mzaliwa wa Gisenyi. Gazeti hilo lilitumia maandishi na katuni kuwadhalilisha Watutsi na kuwachafua wanasiasa waliopinga ubaguzi. Katuni hizo zimehifadhiwa na kuchambuliwa katika kitabu cha Jean-Pierre Chrétien na wenzake cha mwaka 1995 kuhusu vyombo vya habari vya mauaji ya kimbari. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, ilimhukumu Ngeze kifungo cha maisha. Uamuzi wa rufaa wa tarehe 28 Novemba 2007 ulikipunguza kifungo hicho kuwa miaka 35.

Watafiti wa mitandao hulipita haraka jambo moja katika historia hii. Kangura halikuhitaji intaneti. Nakala moja ilipita mikono mingi, asiyejua kusoma akasomewa, na katuni ikaeleweka kabla hata maneno yake hayajasomwa. Dai linalorudiwa siku hizi, kwamba chuki imeletwa na simu, linaisahau miaka hiyo. Historia hiyohiyo inaitatiza pia hoja ya wale wanaosifu usomaji wa pamoja, wakidhani kibonzo kikisomwa na watu walioketi pamoja basi kinajenga ujirani. Kusoma pamoja hakukuwa wema kwa sababu tu kulikuwa kwa pamoja. Kilichokosekana ni nafasi ya aliyechorwa kusema: huyo si mimi. Picha ilimzungumzia, ikawazungumzisha wengine juu yake, lakini haikumsikiliza.

Kipimo hicho ndicho kinachotumiwa hapa kuhakiki kazi za baadaye.

Mwanya kati ya visanduku

Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sanaa ya vibonzo, alionesha kwamba hadithi ya picha hutendeka zaidi katika mwanya ulio kati ya kisanduku na kisanduku. Mchoraji anaonesha shoka limeinuliwa, kisha anaonesha mji usiku na ukelele; msomaji ndiye anayeliteremsha shoka. Hoja hii inafahamika sana, lakini nusu yake ya pili haijatumiwa vya kutosha katika uhakiki wa Kiswahili. Ikiwa msomaji anashiriki kuitenda hadithi, basi anashiriki pia dhamana yake. Vibonzo vya mfululizo vina mwanya wa pili tena, ulio mkubwa zaidi: ule wa kati ya toleo na toleo. Ndani ya mwanya huo msomaji anaweza kuandika barua, kumsimamisha mchoraji njiani, kukasirika, kucheka, kuuliza. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kuanzia miaka ya Azimio la Arusha, na Juha Kalulu wa Edward Gitau nchini Kenya waliishi miaka mingi kwa sababu wasomaji walikuwa na muda wa kuwazoea, kubishana nao na kuwasubiri.

Mitandao ya kijamii inaubana mwanya huo kutoka pande zote mbili. Kisanduku kimoja hukatwa kutoka katika mfuatano wake na kusambazwa peke yake. Kejeli iliyokuwa ikijengwa katika visanduku vitatu vya kwanza inabaki nyuma, na cha nne kinasafiri kama tusi. Majibu nayo yanakuja mengi, lakini yanakuja yote kwa mkupuo chini ya picha ambayo mchoraji ameshaiacha. Programu inayochagua nini kionekane juu haitofautishi jibu la anayechorwa na kelele za mpita njia. Kwa jamii iliyowahi kuumizwa na picha, hilo si suala la kiufundi tu.

Boyie na maswali yake

Shujaaz lilianza kutoka nchini Kenya mwaka 2010 chini ya kampuni ya Well Told Story. Lilikuwa jarida la vibonzo la bure, lililosambazwa ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya mawakala wa simu. Mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana aliyemaliza shule bila kazi, akajiundia kituo cha redio chumbani kwake, na hakuna anayejua ni nani. Wahusika wenzake, Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, wana shida za kawaida za vijana wa rika lao. Lugha ni Sheng, ambayo walimu wengi wa Kiswahili huilaumu. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy kwa kazi za kidijitali za watoto na vijana.

Sifa nyingi zilizoandikwa kuhusu Shujaaz zinahusu ukubwa wa usomaji wake. Sifa yenye uzito zaidi inapatikana katika visa vidogo. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni ule wa kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue. Maelezo ya maafisa wa kilimo yangeweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja, na pengine hakuna kijana ambaye angelifanya, kwa kuwa linachekesha. Kibonzo kinakubali kwamba linachekesha. Kinamweka anayechekwa ndani ya hadithi, kinawaacha majirani wamcheke, kisha kinawahesabu vifaranga. Msomaji amekwisha kuiona aibu ikipita kabla hajaijaribu mwenyewe. Huu ndio msaada ambao hotuba haiwezi kuutoa.

La pili ni kwamba Boyie alijibu. Vijana walimwandikia kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa Facebook, na mazungumzo yao yakarudi katika hadithi zilizofuata. Hapa mtandao ulitumika kama tarishi: ulibeba barua kutoka kwa msomaji hadi meza ya mchoraji, na jibu likatoka katika jarida, redioni au katika ukurasa wa Boyie. Ulikuwa njia ya kulifikia baraza. Wachoraji wengi walioiga Shujaaz baadaye wameiga ukurasa wa mhusika na kuliacha jarida, jambo linalofanana na kuajiri tarishi bila kuwa na ofisi.

Hata hivyo, kuna swali ambalo makala haya hayawezi kulifumbia macho. Aliyejibu kwa jina la Boyie alikuwa mfanyakazi, na kazi hiyo iligharimiwa na wafadhili wenye ajenda zao, nyingine njema sana. Kijana aliyeandika usiku kuhusu mimba, deni au rafiki aliyekufa aliandika kwa mtu ambaye hayupo. Watetezi watasema kwamba msomaji anajua Boyie amechorwa, kama hadhira ya ngano inavyojua kwamba sungura hasemi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi: sungura hamjibu msikilizaji mmojammoja kwa jina lake. Mara tu mhusika anapomjibu mtu binafsi, msanii ameingia katika uhusiano, na mhakiki ana haki ya kuuliza ni nani atakayekuwapo siku fedha za mradi zitakapokwisha. Kwa wakimbizi, ambao wamezoea miradi inayokuja na kuondoka, swali hilo ni la kila siku.

Penseli mkononi mwa mtoto

Mfano wa Nathan Mpangala unalijibu swali hilo kwa njia nyingine. Mpangala, mchora vibonzo anayefahamika kwa wasomaji wa magazeti ya Tanzania, ameanzisha kazi ya Wafanye Watabasamu, ambayo huwapelekea rangi na michoro watoto wagonjwa, wakiwamo wenye saratani katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kwa kipimo cha mtandao, kazi hiyo ni ndogo: wodi moja, meza moja, karatasi zinazoishia ukutani au chini ya mto. Kwa kipimo cha makala haya imefika mbali kuliko nyingi, kwa kuwa anayechorwa amepewa penseli. Mtoto ambaye kwa miezi amekuwa mada ya mazungumzo ya wakubwa anachora anachotaka, na mchoraji mzoefu anakaa kando yake akitazama.

Mtandao unaweza kuwaita wachoraji wa kujitolea na wachangiaji wa karatasi na rangi. Hatari yake iko mlemle. Picha ya mtoto mgonjwa anayetabasamu inapendwa haraka kuliko mchoro alioufanya, na kazi yoyote ya aina hii inaweza kujikuta ikitafuta tabasamu la kupiga picha. Kibonzo kina kinga ambayo kamera haina: kinaweza kusema habari ya mtu bila kuonesha sura yake. Jambo hili lina maana katika Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua zilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, na mto Sebeya uliofurika uliharibu makazi wilayani humo. Picha za simu zilisambaa kabla ya maji kupungua, na zilisaidia kuita msaada. Lakini zilibeba pia nyuso za watu waliokuwa katika saa mbaya kuliko zote maishani mwao, na nyuso hizo hazitafutika. Mchoraji angeweza kuonesha ukuta ulioanguka, ndoo, kiatu kimoja, na kumwachia mwenye msiba uso wake.

Ambacho gazeti halikukilinda

Isidhaniwe kwamba kurudi kwenye karatasi ni kurudi kwenye usalama. Januari 2015 serikali ya Tanzania ililizuia gazeti la The EastAfrican, ikitoa sababu ya usajili. Wengi walikihusisha kitendo hicho na katuni ya Gado iliyomkejeli rais wa wakati huo. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na kampuni ya Nation, aliyoichorea tangu 1992, haukuendelea. Mchoraji anayemtegemea mhariri anaweza kunyamazishwa na mtu mmoja. Panya wa Masoud Kipanya, ambaye mara nyingi hahitaji neno hata moja, amewafikia kwa simu watu wengi wasionunua gazeti, na hilo ni faida ya kweli. Kinachohitaji kufikiriwa upya, basi, ni kazi inayopewa mtandao. Unapofanywa mlango wa dharura, kengele au tarishi, unafaa. Unapofanywa makao, mchoraji huanza kuchora kwa ajili ya kile kinachopendwa na wasiomjua.

Puto la maneno

Ikiwa kibonzo cha namna hii kingechorwa Kanzenze, sehemu ya vifaa ipo karibu. Shule ya Sanaa ya Nyundo, iliyoanzishwa mwaka 1952, iko wilayani humohumo. Karatasi moja iliyochorwa pande mbili, ikabandikwa sokoni na kambini, ikiwa na nambari ya simu ya kupokea majibu, haihitaji mtaji mkubwa. Ugumu uko katika lugha.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kinachofundishwa ni Kiswahili sanifu, mtoto wa kamati iliyoanza kazi mwaka 1930. Lakini mama aliyevuka mpaka akitokea Masisi hasemi “watoto wanakuja”. Anasema “batoto banakuja”. Mtihani wa shule utalihesabu hilo kuwa kosa. Jirani yake Mnyarwanda, ambaye kwake watoto ni “abana”, anasikia katika “ba-” ya mgeni sauti ya kwao, na kwa sababu hiyo anamwelewa kwa wepesi kuliko anavyomwelewa mwalimu wa Kiswahili. Shujaaz lilithubutu kuliacha puto la maneno liseme Sheng, na vijana wakajitambua humo. Mchoraji wa Kanzenze angehitaji uthubutu uleule, na mhariri wa kuulinda. Kwa maana mkono wa kwanza utakaoigusa karatasi hiyo baada ya wake huenda ukawa wa msomi mwenye nia njema na kalamu nyekundu, anayeifuta “batoto” na kuandika “watoto” kabla mama yule hajapata kuiona.