641 ilikuwa pale pale
Mbili kwa kipeo cha 32, jumlisha moja: 4294967297. Pierre de Fermat aliiita namba tasa, na niseme mapema kwamba hilo siliiti bahati mbaya. Ulikuwa uzembe.

Kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, yaani 3, 5, 17, 257 na 65537, alipatia. Hapo sina neno.

Ya sita ndiyo iliyomuumbua. Agosti 1640 alimwandikia Frénicle kwamba anaamini mfululizo wote ni tasa, akakiri hana uthibitisho. Sawa, kukisia si kosa. Lakini mwaka 1659, katika barua kwa Carcavi, makisio yale yale yamekwishahamia kwenye orodha ya mambo anayodai kuyamaliza kwa mbinu yake ya kushuka. Yamehamaje?

Tena asitetewe na mtu kwamba hesabu ilikuwa nzito. Juni 1640 huyu huyu alimpasulia Mersenne 2 kwa kipeo cha 37, toa moja. Alijua kwamba kila kigawo tasa cha namba ile ni kigawe cha 74 jumlisha moja. 149 inakataa, 223 inaingia, kazi imekwisha. Sasa elekeza silaha hiyo hiyo kwa 4294967297: vigawo vyake tasa ni kigawe cha 64 jumlisha moja. Tunaanza na 193, 257, 449, 577, kisha 641, na hii inaingia bila baki, mara 6700417. Migawanyo mitano! Hata angechoka kutafuta kigawo, Oktoba ile ile alikuwa na nadharia yake ndogo: chukua 3, ipige mraba mara 32, kila mara ubakize baki tu. Baki la mwisho si 1, basi namba si tasa. Inachosha, ndiyo, lakini miaka 19 inatosha kupiga miraba 32.

Nilipoilalamikia orodha ya Mersenne ya 1644, ya vipeo ambavyo 2 ikipandishwa kwavyo na kutolewa moja huwa tasa, iliyoingiza 67 na 257 na kuziruka 61, 89 na 107, baadhi yenu mlisema namwonea mtawa wa watu. Simwonei. Maradhi ni yale yale ya kutangaza kabla ya kugawanya.

Euler alichokozwa na Goldbach kwa barua Desemba 1729, na kufikia 1732 alikuwa na 641 mkononi. Lucas, mwaka 1878, akaibana 64 ikawa 128, na kwa kipimo chake 641 ni tasa ya pili tu kwenye foleni. Iliyotangulia ni 257, nayo haihitaji hata kujaribiwa, maana nayo ni ya mfululizo huu, na namba za Fermat hazishiriki kigawo. Kisha Landry, mzee wa zaidi ya miaka 80, akaipasua inayofuata mwaka 1880, tarakimu 20 kwa kalamu: 274177 mara 67280421310721. Siku hizi kijana anabonyeza kitufe na jibu linatoka. Muulize kwa nini 3, 5 na 7 hazina haja ya kujaribiwa, atakutazama tu.