Tippu Tip Mkononi mwa Wasomaji

Wasomaji wenzangu wengi hudhani utamu wa kusoma umo katika riwaya peke yake. Mimi huwaazima maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Kitabu hicho hakinirudii upesi. Hupita mkono kwa mkono.

Kinachowashika ni uchache wa maneno. Mwandishi hapambi wala haombi radhi. Anafika Utetera, anajidai kuwa wa ukoo wa mtawala Kasongo, anaaminiwa na kukabidhiwa nchi. Hila hiyo ingekuwa ya kubuni tungeikataa. Kwa kuwa ni habari ya mtu aliyekuwako, tunacheka na kufungua ukurasa wa pili.

Lakini, ndugu msomaji, hapo pana mtego. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, ilhali waliozibeba na waliotekwa aghalabu hawatajwi majina, nasi tunawapita mbio. Kwa hiyo kila ninayemwazima humwomba akisome mara mbili: kwanza amfuate Tippu Tip, kisha awafuate wapagazi.