Jirani kama Sharti la Maisha: Ulinganisho wa Matoleo ya Awali na ya Karibuni ya The Sims kwa Kigezo cha Nyumba ya Tanga

Sehemu hii inahakiki matoleo manne ya The Sims, mfululizo wa michezo ya kompyuta ya kuigiza maisha uliobuniwa na Will Wright katika kampuni ya Maxis: la kwanza (2000), la pili (2004), la tatu (2009) na la nne (2014). Uhakiki unajikita katika kanuni na kuacha kando ubora wa picha, kwa kuwa falsafa ya mchezo hubebwa na kanuni zake. Jambo ambalo mchezaji analazimika kulitimiza ili mhusika wake afanikiwe ndilo ambalo mchezo unaliita maisha mema.

Kigezo cha ulinganisho ni nyumba ya Waswahili wa Tanga, kama inavyoonekana katika mitaa ya Ngamiani ambayo barabara zake huitwa kwa namba. Nyumba hiyo ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Baraza ni mali ya mwenye nyumba lakini hukaliwa na mtaa: hapo huchezwa bao, hunywewa kahawa, na hupokewa habari za msiba na mialiko ya harusi. Kauli kwamba mtu ni watu imejengwa humo kwa udongo na mawe. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alisimamisha riwaya yake ya Utubora Mkulima juu ya wazo lililo karibu na hilo: mhusika mkuu anaacha kazi ya mshahara, anakwenda kulima, na utu wake unadhihirika katika namna anavyoishi na walio jirani naye.

Kwa kigezo hicho, toleo la mwaka 2000 linashangaza. Mhusika hawezi kupanda ngazi za juu za kazi yake kwa ujuzi pekee. Anatakiwa pia awe na idadi fulani ya marafiki. Tena marafiki hao huhesabiwa kwa kaya. Rafiki wa mke ni rafiki wa nyumba, na mume hupandishwa cheo kwa urafiki ambao hakuujenga yeye. Urafiki usiposhughulikiwa hupungua siku hadi siku, hivyo mchezaji hulazimika kupiga simu, kualika wageni na kuwapikia. Toleo la mwaka 2004 lilihifadhi kanuni hiyo, likaongeza uzee na kurithishana sura na tabia, mambo ambayo toleo la kwanza liliyakosa kabisa, kwani humo mtoto hakui kamwe kuwa mtu mzima.

Mabadiliko yanaanza mwaka 2009. Katika toleo la tatu mtaa mzima umefunguliwa na mhusika anatembea popote bila kizuizi, lakini sharti la marafiki wa kaya limeondolewa. Mahali pake pamewekwa utendaji kazini, ukiwamo uhusiano na bosi na wafanyakazi wenzake. Katika toleo la nne kanuni inaingia ndani zaidi ya nafsi: takriban kila kazi ina hali yake ya moyo inayofaa, na mhusika hupanda cheo kwa kufika kazini akiwa na hali hiyo, akiwa pia ametimiza jukumu lake la kila siku na kuongeza ujuzi. Mfululizo umesafiri kutoka kwa jirani hadi kwa bosi, na kutoka kwa bosi hadi kwa nafsi. Mtaa umekuwa mzuri zaidi wakati uleule ambapo haja ya kuwa nao imepungua.

Hata hivyo, si sahihi kulisifu toleo la kale bila masharti. Urafiki wake ni hesabu. Mchezaji hujifunza kumkaribisha mgeni kwa sababu ya cheo, na mgeni akishahesabiwa, hulka na historia yake havina uzito mkubwa. Mzee wa Pangani angeuita urafiki huo biashara. Toleo la nne, kwa upande wake, limerudisha uzito huo hatua kwa hatua. Tangu mwaka 2020 wahusika wanaweza kubaki na kinyongo au mapenzi ya muda mrefu kwa mtu mahususi. Nyongeza ya For Rent (2023) inaruhusu kaya kadhaa kuishi katika kiwanja kimoja, hali inayokaribia nyumba ya wapangaji wanaogawana ukumbi na ua. Humo mtu anaweza hata kusikiliza kisirisiri mazungumzo ya chumba cha pili, na msomaji aliyelelewa Tanga hatahitaji maelezo ya jambo hilo.

Pamoja na hayo, ujirani huo mpya umebaki kuwa hiari. Mpangaji asiyesalimiana na mtu yeyote bado aweza kufika kilele cha kazi nyingi, mradi moyo wake umetulia. Kwa hiyo toleo la kale lilipatia katika kanuni na kukosea katika nia. Jipya limepatia katika hisia, likaifuta kanuni iliyozifanya hisia hizo kuwa za lazima.

Hitimisho hili lina maana kwa yeyote atakayebuni mchezo wa kuigiza maisha ya pwani kwa Kiswahili. Kuchora baraza na milango ya nakshi ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kutunga kanuni ambayo kwayo nyumba isiyo na mtu barazani haitaweza kustawi, na mgeni anayebisha hodi atakaribishwa kwa kuwa ni mgeni, kabla mwenye nyumba hajajua atamfaa nini.