Jino Lililoliwa na Jino Lililooza: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Meno

Makala haya yanakusudia kuhakiki baadhi ya maneno tunayoyatumia kueleza umbo la jino na maradhi yanayoliharibu. Huenda msomaji akauliza: je, hapa pana kazi gani kwa mkuza istilahi, ilhali kila Mswahili analijua jino, ufizi, chonge, gego na pengo? Jibu ni kwamba lugha yetu ni tajiri kwa yale yanayoonekana kinywa kikifunguliwa, bali ni maskini kwa yale yaliyomo ndani ya jino, na kwa yale yanayotokea kabla tundu halijaonekana. Ugonjwa wenyewe huanza huko huko kusikoonekana. Hoja yetu basi ni moja: maneno tuliyo nayo huutaja ugonjwa ukiwa umekwisha komaa, na kwa hiyo humfundisha mwananchi kwenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa.

1. Tabaka za jino

Tuanze na umbo. Sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi imefunikwa na tabaka ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfeti. Tabaka hili halina mshipa wa damu wala neva, na jino likishaota halina chembe hai ya kulijenga upya. Vitabu vingi huliita enameli. Wapo wanaopendelea kuliita gamba la jino, kwa sababu gamba ni neno letu la asili. Kanuni ya kutafuta kwanza nyumbani kabla ya kukopa nje ni kanuni njema, nasi twaiunga mkono. Hata hivyo neno la asili haliji peke yake. Huja na maana zake zote. Nyoka hujivua gamba akabaki na jingine. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba jino lina gamba ana haki ya kudhani ya kwamba gamba hilo nalo litaota tena. Enameli iliyobomoka haioti tena. Kwa sababu hiyo, enameli ibaki.

Chini ya enameli kuna dentini. Hii ina madini kiasi cha asilimia 70 tu, na sehemu iliyosalia ni protini na maji. Imepenywa na vijifereji vyembamba mno, ndiyo maana maji baridi huliuma jino lililopoteza kifuniko chake. Hapa lugha ingeweza kuchota katika hazina yake yenyewe, kwani pembe ya ndovu ni jino, na sehemu yake kubwa ni dentini. Wafaransa huiita dentini kwa neno lile lile waliitumialo pembe ya ndovu. Na wahenga wetu, waliposema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, waliuona ufanano huo. Lakini pembe ya jino haitafaa kuwa istilahi. Mwalimu wa hisabati ataielewa kuwa kona, na mfugaji atakumbuka ng'ombe wake. Tunashauri dentini iwe istilahi, na pembe ya ndovu iwe mfano wa mwalimu darasani.

Ndani kabisa mna tishu laini yenye neva na mishipa ya damu. Sehemu hii imepewa majina mengi mno: uboho, kiini, mshipa. Uboho ni wa mfupa, na kuuhamishia katika jino ni kuwachanganya wanafunzi wa biolojia. Kiini kina shida kubwa zaidi, kwa kuwa viini ni neno tulilokwisha kulizoea kwa vijidudu viletavyo maradhi. Mfasiri atakayeandika kwamba "viini vimefika kwenye kiini" atakuwa ameandika fumbo. Mshipa ni neno la mwananchi, naye husema jino lake "limefika kwenye mshipa". Lakini mshipa ni kimojawapo tu cha vitu vilivyomo humo. Twapendekeza moyo wa jino. Waswahili husema moyo wa mgomba na moyo wa mti kwa kile kilicho katikati kabisa, na neno hili lina faida ya kumwambia mgonjwa kwamba jino ni kitu hai, chenye damu, kinachoweza kufa.

Tuongeze neno moja juu ya tabaka linalofunika mzizi. Mfasiri anaweza kushawishika kuliita saruji, kwa kufuata neno la kigeni. Msomaji wa kawaida atadhani hiyo ni dawa ya kuzibia tundu. Heri kusema gandiko la mzizi.

2. Nani anayekula jino?

Mwananchi husema jino lake "limeliwa na mdudu". Usemi huu si wa Waswahili peke yao. Watu wa Mesopotamia ya kale waliamini kwamba mnyoo hutafuna jino, na imani hiyo ilidumu Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya utabibu wa meno, akaeleza kwamba alimtafuta mnyoo huyo kwa hadubini asimwone. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza chakula kuwa tindikali, na kwamba tindikali hiyo ndiyo iyeyushayo madini ya jino.

Tofauti kati ya "kula" na "kuyeyusha" si ya maneno matupu. Chukua sentensi ya namna hii, ambayo haitakuwa ngeni kwa msomaji wa vijitabu vya afya: "Piga mswaki ili wadudu wasile meno yako." Anayeisoma ataelewa kwamba adui ni mdudu, na silaha ni mswaki. Sukari haikutajwa. Mama atamsugua mtoto meno asubuhi kwa bidii, kisha ampe peremende mchana kutwa, naye ataona ametimiza wajibu wake. Kumbe mdudu huyo hana meno. Kazi yake ni kupika tindikali, na kuni zake ni sukari. Kwa hiyo wadudu waachiwe shamba. Katika maandishi ya afya tuandike bakteria, na kitenzi kiwe kuyeyusha.

3. Ubovu wa neno "kuoza"

Kuoza kwa meno ndilo jina lililoenea, nasi hatukusudii kuling'oa. Yafaa tu tujue mipaka yake. Kioozacho ni nyama, tunda, au mti. Katika dentini, yenye protini, neno hili lina ukweli. Katika enameli halina, kwani humo karibu hamna cha kuoza. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kilichooza hakirudi kuwa kizima. Nani amewahi kuona embe bovu likipona? Mtu akiambiwa jino limeoza, hukata tamaa nalo.

Sivyo ugonjwa huu ulivyo mwanzoni. Bakteria hukaa katika ukoga. Wapatapo sukari hutoa tindikali, na kipimo cha pH juu ya jino kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Katika miaka ya 1940 Mmarekani Robert Stephan alionyesha kwamba kipimo hicho huporomoka dakika chache tu baada ya sukari kuingia kinywani, kisha hupanda polepole kwa muda wa nusu saa au zaidi. Mate huizimua tindikali na kulirudishia jino madini yake. Kuna basi kutoa na kupokea, kama katika daftari la duka. Jino hufilisika pale tu matumizi yanapozidi mapato kwa siku nyingi. Ndiyo sababu mara ngapi mtu anakula sukari ni jambo zito pamoja na kiasi gani. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isifikie asilimia 10 ya nishati ya chakula.

Hatua hii ya kwanza huonekana kama doa jeupe lisilong'aa. Haiumi, wala haina tundu. Floraidi iliyomo katika dawa ya meno, usafi, na kupunguza sukari vyaweza kulizuia, na hata kulirudisha nyuma. Lakini Kiswahili cha mabango hakina jina la hatua hii. Jina huanzia kwenye tundu. Twapendekeza upotevu wa madini na urejeshaji wa madini, na kwa alama inayoonekana, doa la mwanzo. Tusiseme doa jeupe peke yake, maana floraidi ikizidi katika maji ya kunywa, yaani kupita miligramu 1.5 kwa lita, huweza kuleta madoa meupe au ya hudhurungi, kama ilivyo katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Hayo yaitwe madoa ya floraidi. Mwenye nayo asiambiwe kwamba meno yake yameoza au ni mchafu.

Hali kadhalika neno mmomonyoko lisitumiwe kwa ugonjwa huu. Tulihifadhi kwa jino linaloyeyushwa na tindikali isiyotoka kwa bakteria, kama ile ya ndimu, soda, au matapishi.

4. Jina lisilo na kitu

Wako watakaosema kwamba tunapoteza muda kwa vijineno. Tuwakumbushe neno meno ya plastiki, ambalo wengine huita meno ya nailoni. Katika miaka ya 1980 lilienea nchini Tanzania. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuhara, ufizi wake ulitazamwa mahali pa chonge. Uvimbe wa kawaida ukaitwa jino la plastiki, nalo likachimbuliwa kwa chombo kisicho safi. Watoto walipoteza damu, wakaambukizwa, na wengine wakafa. Waliopona waliweza kupoteza hata jino la ukubwani. Desturi hiyo imeripotiwa pia katika nchi nyingine, ikiwamo Uganda, ambako huitwa ebinyo.

Kilichochimbuliwa kilikuwa nini? Kilikuwa jino changa ambalo halijapata madini ya kutosha, kwa hiyo ni laini na jeupe. Meno ya mtoto huanza kuumbika angali tumboni mwa mamaye. Kitu hicho hakikuwa na jina katika Kiswahili cha kila siku, na jina la uongo likapata nafasi ya kukaa. Si mara ya kwanza: kamusi zetu zingali na neno kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, ambaye zamani alidhaniwa kuwa na mkosi. Twapendekeza chipukizi la jino. Mkulima hahitaji kuelezwa kwamba chipukizi haling'olewi.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twawaomba wafasiri, walimu na maofisa wanaoandaa maandishi ya afya wayapime maneno haya: enameli, dentini, moyo wa jino, gandiko la mzizi, chipukizi la jino, kisha, kwa ugonjwa, ukoga, upotevu wa madini, doa la mwanzo, urejeshaji wa madini, tundu, na kuoza kwa meno kama jina la maradhi yote kwa jumla. Mengine yatakataliwa, na ndivyo inavyopasa, kwani istilahi huthibitishwa na watumiaji wake. Lakini lolote litakalochukuliwa badala yake lipimwe kwa swali hili: je, mzazi akilisikia atajua kwamba jino la mwanawe lingali laweza kuokolewa?