Utepe Ukatikao na Utepe Urefukao

Hukumu iliyozoeleka juu ya utepe wa kunasia sauti ni kwamba ulio bora ni ule usiokatika. Hukumu hiyo yastahili kupimwa upya, kwani mchunguzi wa lugha hanunui nguvu za utepe. Anunua ukweli wa sauti itakayokaa ndani yake.

Tepe za asetati, zilizotumika sana katika miaka ya 1950, hukatika upesi zikivutwa. Tepe za poliesta, zilizoshika mahali pake, hustahimili zaidi; lakini mvuto ukipita kiasi hurefuka kabla ya kukatika. Hapo ndipo ilipo hitilafu kubwa. Asetati iliyokatika huonekana, na ncha zake aghalabu huungwa bila ya kupoteza neno. Poliesta iliyorefuka huendelea kuzunguka na kusema, ila irabu imekuwa ndefu kuliko ilivyotamkwa, na kidatu kimeshuka. Mwenye kuchunguza mkazo wa silabi au mahadhi ya utenzi aweza kuiandika kasoro hiyo kuwa ni lafudhi ya msemaji. Kosa la kwanza hujitangaza. La pili hujificha.

Haifuati kwamba asetati irejeshwe. Joto na unyevu huivunja hata ikanuka siki, na hali ya hewa ya pwani haina huruma nayo. Lifuatalo ni kwamba poliesta ichaguliwe iliyo nene, na mashine isiyovuta kwa nguvu.

Hapa huingia ubahili wa dakika. Rili ya sentimita 18 huchukua mita 366 za utepe mnene wa kawaida, nazo kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde ni dakika 32. Utepe mwembamba zaidi huingia mita 549, yaani dakika 48. Dakika 16 hizo si za bure: utepe mwembamba huvutika kwa urahisi, na sauti ya tabaka moja hupenya katika tabaka jirani, hata neno likasikika kwa mbali kabla halijatamkwa.

Wala sifa ya kiwanda si dhamana. Katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda vyenye heshima viliuza tepe ambazo gundi ishikayo unga wa sumaku ilinyonya unyevu, ikawa ya kunata na kuchafua vichwa vya mashine. Tepe za namna hiyo hupashwa joto la takriban digrii 50 kwa saa nyingi, zikapata nafuu ya muda tu ili zinakiliwe; asetati haipashwi kamwe. Basi utepe wa zamani ambao haujafunguliwa si utepe mpya. Anayehitaji mpya na aununue uliotengenezwa karibuni, kwa kuwa kazi hiyo ingali ikiendelea Ufaransa na Marekani.

Mnamo mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, ilitahadharisha juu ya kutoweka kwa mashine za kuchezea tepe. Kwa hiyo hata utepe mwema hautoshi peke yake. Utepe wa kuaminika ni ule ambao kasoro yake yajulikana mapema, na ambao nakala yake ya kidijiti imekwisha kufanywa na kusikilizwa kabla msemaji hajasahauliwa.